Boti ya Pantoni kwa Familia ya Dar es Salaam: Ipi Inunuliwe na Ipi Iachwe

Kwa familia ya Dar es Salaam inayotaka chombo kimoja cha kuwapeleka watoto Mbudya na pia cha kuvulia changu, boti ya pantoni yenye maboya matatu ndiyo ninayoipendekeza. Ile yenye maboya mawili, ambayo bei yake ni nafuu na ndiyo inayoonekana zaidi kwenye matangazo ya mauzo, inamfaa mtu atakayebaki ndani ya ghuba ya Msasani nyakati za asubuhi, au mwenye nyumba kando ya ziwa. Anayekusudia kuvuka kwenda visiwani akiwa amepakia ndugu na jamaa, nasema waziwazi kwamba aiache. Sababu za hukumu hii zimo katika uzito, katika upepo na katika chumvi, nami nitazieleza kwa kirefu, kwa kuwa wauzaji wengi huanza na makochi na redio, vitu ambavyo havimsaidii mtu bahari ikichafuka.

Sizungumzii kivuko cha Magogoni kinachobeba magari na abiria wa Kigamboni. Boti hii ni ya starehe ya familia: sakafu bapa iliyokaa juu ya maboya marefu ya alumini yaliyozibwa kila upande, uzio unaofika usawa wa mapaja kuzunguka sakafu yote, makochi, turubai la kivuli, na injini moja ya petroli iliyofungwa nyuma. Asili yake ni maziwa ya Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Ambrose Weeres wa mji wa Richmond, jimbo la Minnesota, aliweka sakafu ya mbao juu ya mapipa ya chuma yaliyounganishwa, akaiteremsha ziwani, na kutokana na chombo hicho ikazaliwa biashara nzima. Kule maji ni baridi, hayana chumvi, hayajai wala kupwa, na upepo hauna nafasi ndefu ya kuyasukuma. Mnunuzi wa Dar es Salaam anapaswa kulikumbuka hilo kila anapoonyeshwa picha nzuri, kwa sababu karibu kila sifa ya boti hii na karibu kila udhaifu wake umetokana na maji iliyoundiwa.

Sifa ya kwanza ni nafasi, na hapa sijaona chombo cha ukubwa huo kinachoishinda. Boti ya futi 22, yaani mita 6.7, huwa na upana wa futi 8 na nusu, takriban mita 2.6, na upana huo unaanzia omo hadi tezi bila kupungua, wakati boti ya faiba ya urefu uleule huchongoka mbele na sakafu yake huinama pembeni. Watu wanane wanaweza kukaa kwa raha, jiko dogo la gesi likawekwa mahali pake likiwa limezimwa wakati wa safari, na bado mtoto akapata sehemu ya kulala chini ya turubai. Sifa ya pili ni kupanda na kushuka. Mama yangu mzazi, ambaye magoti hayamruhusu tena kuruka ukingo wa boti, alipanda kupitia mlango wa ubavuni akiwa ameshika uzio kwa mkono mmoja, kwa sababu sakafu ilikuwa karibu sawa na gati, na boti haikuinama alipoikanyaga. Wazee wengi wa mjini wameacha kwenda visiwani si kwa kuogopa bahari bali kwa kuogopa kubebwa mikononi mbele ya watu, na chombo kinachowarudishia heshima hiyo nakipa alama kubwa.

Utulivu huo si mgeni kwa mtu wa pwani. Ngalawa nayo hukataa kupinduka kwa sababu ya upana ambao matengo yake mawili huupa mtumbwi mwembamba, na boti ya pantoni inatumia kanuni hiyohiyo, isipokuwa hapa maboya ndiyo yanayobeba mzigo wote. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji linahusu kipenyo cha maboya na idadi yake. Vipenyo vinavyopatikana zaidi ni kati ya inchi 23 na 27, na kile cha inchi 25, karibu sentimita 64, ndicho cha kawaida.

Hesabu yake si ngumu na kila mnunuzi aifanye mwenyewe. Boya la inchi 25 lenye urefu wa mita 6 likizama lote linaweza kubeba takriban tani 1.9 pamoja na uzito wake lenyewe, na kwa kuwa halitakiwi kuzama zaidi ya nusu, tuchukue kwamba kila moja linabeba chini kidogo ya tani moja. Maboya mawili yanakupa karibu tani 2. Sasa weka boti yenyewe, ambayo kwa ukubwa huo huwa karibu tani moja, weka injini ya kilo 160 hivi, petroli ya lita 100 yenye kilo 75, kisha watu kumi wa kilo 70 kwa wastani. Tayari umekaribia kikomo, na bado hujapakia maboksi ya barafu, nanga, maji ya kunywa na sufuria la pilau. Boti itaelea, kibao cha uwezo kilichobandikwa karibu na usukani kinaweza hata kuiruhusu idadi hiyo, lakini itakaa chini, na wimbi la nusu mita litagonga mbele ya sakafu badala ya kupita chini yake. Boya la tatu, hata ukitoa uzito unaoongezeka kwa ajili yake, linakurudishia sehemu kubwa ya akiba hiyo. Mimi hupenda mzigo wa abiria na vifaa usizidi robo tatu ya kile ambacho kibao kinaruhusu, hasa watoto wakiwemo.

Ukiwa ndani ya boti yenyewe, tofauti hiyo huisikia mwilini. Boti ya maboya mawili ikikata kona kwa kasi huinamia nje ya kona, na abiria waliokaa upande huo hujikuta wakishikilia uzio; ya matatu, ikiwa boya la kati limekaa chini kidogo kuliko ya pembeni, huinamia ndani kama boti ya kawaida. Mawimbi yakiwa mafupi na yaliyosimama, kama yanavyokuwa alasiri katika mlango kati ya Bongoyo na rasi ya Msasani, ile ya mawili hupiga kwa sakafu: maji huingia katikati ya maboya, hugonga mihimili iliyo chini, na mshindo wake unawanyima watoto raha yote. Jambo baya zaidi ni kupunguza mwendo ghafla ukiwa na watu wengi mbele. Omo hushuka, wimbi lililokuwa likikufuata kutoka nyuma hukusukuma, na maji hupanda juu ya sakafu hadi kwenye miguu ya waliokaa. Nahodha mzoefu huwahamishia watu nyuma kabla ya kupunguza mwendo, naye hupunguza taratibu. Hilo ni jambo la kujifunza kabla ya kukabidhiwa funguo.

Upepo ndio unaoamua zaidi ya kitu kingine chochote. Ghuba ya Msasani imefunguka upande wa kaskazini, na rasi yake inaikinga upande wa kusini na mashariki. Maana yake ni kwamba wakati wa kusi, pamoja na ukali wake wa kati ya Juni na Agosti, ndani ya ghuba karibu na rasi mtu hupata maji yaliyotulia ilhali nje ya Bongoyo bahari inachemka. Na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, upepo huingia moja kwa moja ghubani na kuinua mawimbi mafupi mahali palepale ambapo wengi hupaona salama mwaka mzima. Miezi mizuri kabisa kwa boti ya pantoni ni ile ya matlai, upepo unapobadilika, hasa Oktoba na Novemba. Katika misimu yote, asubuhi ni bora kuliko alasiri, kwa kuwa jua likishapasha nchi kavu upepo wa baharini huongezeka. Familia iliyozoea kuondoka nyumbani saa tano na kurudi jua likizama itajikuta ikirudi katika hali mbaya zaidi ya siku nzima. Boti hii inataka watu waondoke saa moja na wawe wamerudi kabla ya saa nane.

Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwa pwani yetu mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Siku ya tahadhari kama hiyo boti ya pantoni ibaki kwenye trela, hata kama wavuvi wa mashua wanatoka. Mashua imeundiwa bahari hiyo, na anayeiongoza amekulia humo. Tena uzio na turubai vya boti hii hushika upepo mithili ya tanga ambalo huwezi kulikunja, kwa hiyo kuifunga gatini wakati upepo unavuma ubavuni ni kazi inayohitaji mtu mmoja kwenye usukani na wawili wenye kamba mkononi. Turubai lishushwe kwanza.

Nije kwenye chumvi, ambayo huharibu boti polepole na kwa siri. Alumini nzuri ya baharini haiogopi maji ya chumvi peke yake. Inachoogopa ni kuguswa na madini mengine huku maji ya chumvi yakiwa kati yao, kwa sababu hapo hutokea mkondo mdogo wa umeme unaoila alumini. Ndiyo maana watengenezaji huuza kifurushi cha bahari kinachojumuisha vipande vya zinki au aloi nyingine, vinavyofungwa kwenye maboya na kwenye injini ili viliwe badala ya boti, na hukaguliwa na kubadilishwa vikifika nusu. Ndiyo maana pia rangi ya kuzuia viumbe wa bahari isiwe na shaba kwa boti ya alumini, ingawa ndiyo inayopakwa kwenye boti nyingi za faiba, na fundi asiyejua anaweza kukupakia kwa nia njema kabisa.

Niliwahi kuikagua boti iliyotumika, ya maboya mawili, iliyokuwa ikiuzwa na mmiliki mmoja upande wa Mbezi Beach. Kwa mbali ilikuwa inang'aa, viti vimesafishwa na turubai ni jipya. Nilipoinama chini ya sakafu nilikuta kila bolti ya chuma kisichoshika kutu imezungukwa na unga mweupe, na kwenye breketi mbili unga huo ulipokwanguliwa kwa ukucha palibaki shimo la kuingia ncha ya kalamu. Mahali pa zinki palikuwa na matundu matupu ya bolti. Nilipogonga boya la kushoto kwa vifundo vya vidole kuanzia mbele, lililia kama debe tupu hadi karibu na nyuma, kisha sauti ikawa nzito, dalili ya kwamba chumba kimoja kina maji. Maboya hugawanywa ndani kwa kuta ili tundu moja lisizamishe boti nzima, jambo jema sana, lakini linamruhusu muuzaji kukupa boti inayovuja huku ikielea vizuri mbele ya macho yako. Karibu na ngazi ya kuogelea sakafu ilibonyea chini ya kisigino, kwa kuwa plaiwudi ilikuwa imeanza kuoza chini ya zulia. Bei iliyotajwa ilikuwa nusu ya boti mpya, nami nilishukuru nikaondoka.

Kutokana na mambo ya namna hiyo, ninasisitiza unene. Maboya ya boti za bei ya chini huwa na unene wa takriban milimita 2, na ya boti bora hufikia milimita 2.5 hadi zaidi ya 3. Kwa ufukwe wetu wenye mawe ya matumbawe na kwa tabia ya kila mtu kutaka kuvuta boti hadi mchangani, nataka ile minene, yenye ukanda wa alumini uliochomelewa chini ya kila boya. Sakafu iwe ya alumini, au ya plaiwudi ya baharini yenye dhamana ndefu, iliyofunikwa kwa mpira na wala si zulia. Damu ya samaki ikishaingia kwenye zulia, harufu yake haitoki.

Kuhusu injini, ushauri wangu ni kuchagua fundi kwanza, kisha injini, kisha boti. Boti nyingi za Marekani huja na Mercury, ambayo ni injini nzuri, lakini mtu aangalie ni nani aliye Dar es Salaam mwenye vipuri vyake na kompyuta ya kuipima. Yamaha ndiyo iliyoenea kwa wavuvi wa pwani yetu, na wepesi wa kupata impela ya maji, plagi na propela siku ya Ijumaa jioni una thamani kuliko tofauti ndogo za ubora. Kwa futi 22 za maboya matatu sikubali chini ya nguvu farasi 90, na 115 ndiyo inayostahili, kwa sababu mkondo wa maji yanayokupwa ukikutana nawe pamoja na upepo, injini ndogo huzidiwa na kunywa petroli bila kwenda. Kila baada ya safari injini isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi mpaka chumvi yote itoke ndani, na boti nzima ioshwe, chini ya sakafu ikiwemo. Asiye na bomba la maji ya uhakika nyumbani au mahali anapohifadhi chombo, afikirie upya ununuzi wote.

Kwa uvuvi, boti hii ni nzuri kuliko watu wanavyoisifu, ilimradi mtu ajue ni uvuvi wa aina gani. Ikiwa imetia nanga kwenye maji ya mita 8 au 10, watu sita wanaweza kushusha mishipi kuzunguka uzio bila kuumizana kwa ndoano, kila mmoja na upande wake, mtoto akiwa amekaa kwenye kiti na chambo chake cha ngisi miguuni. Changu na tasi huvuliwa hivyo kwa raha kabisa. Toleo la uvuvi huwa na viti vya kuzunguka kwenye pembe za mbele na nyuma, tangi la kuhifadhia samaki wakiwa hai kwa kuzungusha maji, na sehemu za kusimamisha fimbo. Ningechukua toleo lenye pembe za nyuma zilizo wazi, kwa sababu kumpandisha kolekole wa kilo tano juu ya uzio wa mbele ni kukaribisha kamba ikatike. Kurambaza polepole ndani ya ghuba kunawezekana pia. Lakini anayeota nguru na jodari nje ya miamba, au safari ya Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo tambarare kilichozungukwa na kina kirefu, anunue boti ya faiba yenye kitako cha umbo la V na injini mbili. Hakuna boya la tatu litakaloibadilisha pantoni kuwa chombo cha bahari kuu.

Mvuvi wa familia ajue pia mahali anapotia nanga. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na visiwa vya upande wa kusini, kama Sinda na Kendwa, viliongezwa mwaka 2007. Ndani ya mipaka hiyo hatuvui. Tunalipa kiingilio, tunaogelea, tunakula na kurudi, na mshipi unatoka tukiwa tumeshavuka mipaka. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu boti yenye viti vya uvuvi inamtia mtu hamu ya kushusha ndoano popote anaposimama, na samaki tunaowapata nje ya mipaka wanategemea mazalia yaliyolindwa ndani. Nanga nayo itupwe mchangani, kamwe si juu ya matumbawe, na kamba iwe na urefu wa mara tano ya kina kwa uchache, kikiwa kimehesabiwa kwa maji yaliyojaa. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Aliyetia nanga kwenye mita 4 maji yakiwa yamekupwa atajikuta kwenye mita 7 baada ya saa sita na nanga yake ikiburuzika. Na aliyepandisha maboya mchangani Mbudya maji yakiwa yamejaa, akaenda kula samaki wa kukaanga kwa starehe, atarudi na kuikuta boti iko nchi kavu hadi magharibi.

Kuna hatari moja ya boti hizi ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Mbele ya uzio hubaki sehemu ndogo ya sakafu iliyo wazi, na watoto hupenda kukaa hapo wakining'iniza miguu boti inapokwenda. Mtoto akiteleza kutoka hapo huangukia kati ya maboya, na boti hupita juu yake pamoja na propela kabla nahodha hajajua. Mlango wa mbele uwe na kitasa kinachojifunga chenyewe, ufungwe kabla injini haijawashwa, na asikae mtu nje ya uzio chombo kikiwa kwenye mwendo, awe mtoto au mtu mzima. Katika kukagua boti, kitasa cha mlango wa mbele ni kitu cha kufungua na kufunga mara nyingi kwa mkono wako mwenyewe. Kikilegea, dai kibadilishwe kabla ya malipo. Jaketi okozi ziwe za saizi ya kila mtoto na zivaliwe, zisibaki chini ya kochi. Taifa lililopoteza watu wake katika MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 halihitaji kubembelezwa kuhusu jaketi.

Kuileta boti yenyewe kuna ugumu ambao haumo kwenye bei ya tangazo. Upana wa ndani wa kontena la kawaida ni mita 2.35, hivyo boti ya mita 2.6 haiingii ikiwa imelala bapa. Husafirishwa ama juu ya trela yake ndani ya meli za magari, ama kwenye kontena lisilo na kuta, ama ikiwa imefunguliwa: maboya peke yake, mihimili peke yake, na sakafu ikaundwa hapa. Njia ya tatu hupunguza nauli, nami sina pingamizi nayo endapo uungaji utafanywa na fundi mwenye mwongozo wa kiwanda na bolti zilizotoka kiwandani, kwa sababu bolti ya kawaida ya dukani iliyowekwa kujazia pengo ndipo kutu ya umeme inapoanzia. Kwenye hesabu weka ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na trela ya mabati yaliyochovywa kwenye zinki, kwani ya chuma cha kupaka rangi haitadumu.

Kwa upande wa watengenezaji, Sun Tracker huuza kwa bei za wazi zikiwa na injini na trela pamoja, na Fishin' Barge yao ndiyo iliyopangwa kwa uangalifu zaidi kwa familia inayovua. Mnunuzi wa Dar es Salaam achukue toleo la XP3, lenye maboya matatu, na aachane na yale ya msingi. Bass Buggy ni ndogo na ni ya ziwani. Mtera itafaa, Msasani hapana. Bennington wa Indiana hufanya kazi safi zaidi ya uchomeleaji na ya viti, na bei yake inalingana na kazi hiyo. Kama fedha inatosha kwa moja tu kati ya boti ya fahari ya maboya mawili na boti ya kawaida ya maboya matatu, sioni shaka yoyote: viti vya kawaida, maboya matatu.

Chombo kisajiliwe na kukaguliwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na leseni ya uvuvi iulizwe kwa Afisa Uvuvi wa manispaa kabla ya kutoka na mshipi. Redio ya VHF iwepo na kila mtu mzima ndani ya boti ajue kuita kwenye chaneli 16, ile ya dharura, kwa kuwa simu ya mkononi ikilowa haina kazi na ukienda mbali mtandao hupotea. Kasia mbili ndefu, kamba ya ziada, taa na tochi, mtungi wa kuzimia moto: hayo hayana mjadala.

La mwisho linahusu siku ya kujaribu. Muuzaji atapenda kukutoa saa mbili asubuhi, maji yakiwa kama kioo, nyinyi wawili tu ndani ya boti. Omba kutoka alasiri, siku ambayo hakuna tahadhari lakini upepo umeamka, ukiwa na watu wazima wanane waliovaa jaketi na tangi la mafuta limejaa. Simama kando, tazama maboya yamezama kiasi gani kabla ya kuondoka. Mwambie nahodha akate kona pande zote mbili, apunguze mwendo taratibu akiwa na wimbi nyuma, kisha airudishe gatini upepo ukiwa ubavuni, nawe ukiwa umeshika kamba. Mkirudi, boti ipandishwe kwenye trela na kila boya ligongwe tena kutoka mbele hadi nyuma, kisha fungua vizibo na uangalie kama maji yanatoka. Muuzaji atakayekataa jaribio hilo, msalimie kwa adabu na utafute mwingine.